Kiwanja kifupi cha vilima au uwanda wa pwani: mwanagofu mgeni aanzie wapi?

Mpwa wangu ni mwalimu, na mwaka huu amehamishiwa shule moja ya Nandi Hills. Alipokuja likizo hapa Malindi alinikuta barazani nikifuta fimbo zangu, akaniuliza swali ambalo nimekwisha kuulizwa na watu kadhaa kwa namna mbalimbali: "Mjomba, gofu nijifunzie kule kwenye chai, au ningoje likizo nijifunze hapa nyumbani pamoja nanyi?" Nilimjibu papo hapo kwamba aanze huko huko. Usiku nilipolala niliona nimemjibu kwa pupa, kwa maana kiwanja kifupi chenye vilima ni mambo mawili yaliyofungwa katika furushi moja: ufupi, ambao humfaa mwanafunzi karibu kila mara, na vilima, ambavyo humfunza mmoja na kumvunja moyo mwingine. Anayekilinganisha kiwanja cha namna hiyo na uwanda wa pwani bila kwanza kulifungua furushi hilo atachagua kwa kubahatisha. Ninayoyaandika hapa ni jibu nililompa siku ya pili, nikiwa nimelipanua kidogo kwa ajili ya wengine wenye swali kama lake.

Kipi na kipi

Kiwanja kifupi cha vilima ninachokizungumzia ni kile chenye mashimo tisa, ambayo mengi ni ya pa tatu na yaliyosalia ni ya pa nne fupi, juu ya ardhi inayopanda na kushuka. Pa ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kuitumia katika shimo, na ndani yake imekwisha kuhesabiwa miwili ya kusukuma mpira juu ya grini, yaani ile nyasi iliyokatwa fupi sana kuzunguka tundu lenye bendera. Kwa hiyo katika pa tatu hodari hutarajiwa kufika grini kwa mkwaju mmoja tu. Nyanda za juu za Kenya zina klabu kadhaa za mashimo tisa, kama vile Nandi Bears ya Nandi Hills na ile ya Kericho, zote zikiwa katikati ya nchi ya chai. Urefu wa viwanja hivyo haulingani, na si kila kimoja kinastahili kuitwa kifupi, lakini ardhi yake ni ile ile ya miteremko. Katika vingi vya namna hiyo mzunguko hurudiwa mara mbili ili mashimo yatimie 18, na anayetaka tisa tu huishia hapo bila kuulizwa na mtu.

Uwanda wa pwani, kwa upande wa pili, ni kiwanja kilicho karibu na bahari kama hapa Malindi, ambapo ardhi haipandi sana lakini hewa haitulii. Sisi wa pwani husema kwa mzaha kwamba upepo ndio mlima wetu, na mzaha huo una ukweli mwingi kuliko unavyosikika.

Kipo pia kiwanja cha aina ya tatu ambacho sitakiingiza katika shindano hili, nacho ni Baobab cha Vipingo, ng'ambo ya daraja la Kilifi ukielekea Mombasa. Hicho ni kirefu, kina mashimo 18 na pa ya 72, nacho kimejengwa juu ya tuta katika nchi ya mkonge, hivyo kina miteremko na upepo wa bahari kwa pamoja. Mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open yalichezwa hapo Desemba 2019 na Esther Henseleit wa Ujerumani akashinda. Februari 2024 alishinda Shannon Tan wa Singapore. Mwanafunzi aende hapo kutazama, tena atazame zaidi jinsi wachezaji wa kulipwa wanavyotumia muda mrefu kuchagua mahali pa kuweka miguu kabla ya kuuchapa mpira. Kuanzia kujifunza hapo ni sawa na kumfunza mtoto kuogelea nje ya mwamba, kwenye bahari kuu.

Faida iliyo katika ufupi

Tuchukue mwanafunzi wa kawaida ambaye fimbo yake ya ayani 7 (ayani ni fimbo za chuma, na kadiri namba inavyopungua ndivyo fimbo inavyokuwa ndefu na kuupeleka mpira mbali zaidi) inaupeleka mpira mita 100 anapoupata vizuri, na kwa miezi ya mwanzo haupati vizuri zaidi ya mara moja katika tatu. Mwekeni mbele ya shimo la pa nne lenye mita 350. Hata kama kila mkwaju ungefanikiwa angehitaji minne ili kufika grini, na kwa kuwa haifanikiwi yote atafika kwa saba au minane, akiwa amechoka, amewachelewesha walio nyuma yake, na amerudia kosa moja mara nyingi mfululizo bila nafasi ya kulitafakari. Mtu huyo huyo mwekeni mbele ya shimo la mita 110. Mkwaju wake wa kwanza una matumaini ya kweli, na ukiharibika bado wa pili utampeleka karibu na bendera, mahali ambapo hesabu ya gofu hupatikana au hupotea.

Hapo ndipo ninapoupa ufupi uzito mkubwa kuliko watu wengi. Katika kiwanja kirefu mwanafunzi hutumia sehemu kubwa ya mzunguko wake akifanya jambo moja, nalo ni kuuchapa mpira kwa nguvu kutoka kwenye nyasi. Mikwaju ya karibu, yaani ile ya kuudokoa, kuurusha juu ya ukingo wa mchanga na kuusukuma shimoni, huja kama nyongeza mwishoni mwa kila shimo. Katika kiwanja kifupi uwiano huo hugeuka. Kila baada ya dakika kumi hivi yuko tena karibu na grini, na tena, na tena, hata mikono yake inaanza kujua kwamba mpira wa mita 20 hauhitaji bega. Sisi tuliojifunza kwenye viwanja virefu tulilijua hilo baada ya miaka, na wengine wetu hadi leo tunalijua kwa maneno tu.

Kuna suala la saa pia. Mashimo tisa mafupi hayamchukui mtu zaidi ya saa mbili, na mwalimu anaweza kuyamaliza baada ya vipindi vya mchana kabla giza halijaingia. Mashimo 18 ya urefu wa kawaida, ambao kwa jumla huwa kati ya mita 5,500 na 6,500 hivi, ni kazi ya nusu siku, na mwanafunzi anayecheza mara moja kwa mwezi kwa nusu siku nzima hujifunza polepole kuliko anayecheza mara nane kwa saa mbili.

Hata hivyo ufupi una udanganyifu wake. Nimewahi kumwona kijana aliyerudi kutoka bara akijisifu kwamba amemaliza mashimo tisa kwa mikwaju 41, na alipoanza kucheza nasi tulimwuliza mara ngapi ametumia draiva, fimbo ya kupigia mbali kuliko zote. Hakuwahi. Mbele ya shimo la mita 400 alisimama kama mtu aliyefika feri na kukuta imeondoka. Anayejifunza kwenye kiwanja kifupi na ajue kwamba hesabu yake ni ya kiwanja hicho, na atenge siku za kupigia fimbo ndefu mahali pa mazoezi.

Vilima: mwalimu mkali

Kwenye uwanda mpira hulala usawa wa nyayo, na mwanafunzi akisimama vilevile kila mara anaweza kurudia mkwaju ule ule. Kwenye vilima hakuna mikwaju miwili inayofanana, na wala kosa si la mchezaji. Ni la ardhi. Ziko hali nne anazopaswa kuzijua, na kwa maelezo haya namchukulia anayetumia mkono wa kulia, kwa hiyo wa kushoto ageuze pande.

Mpira ukiwa juu ya usawa wa miguu, kwa sababu umesimama kando ya mteremko ukitazama juu, fimbo huzunguka kwa ulalo zaidi kama anayefagia ukuta, na mpira huvutwa kushoto. Dawa ni kushika fimbo chini kidogo ya mpini, kusimama wima zaidi, na kulenga kulia ya bendera. Mpira ukiwa chini ya miguu mambo hugeuka: hukimbilia kulia, na hatari kubwa ni kuugusa kichwani tu, kwa sababu mwili huinuka kabla ya wakati. Hapo mchezaji akunje magoti na abaki amekunja hadi mpira uondoke. Mimi huiona hii kuwa ngumu kuliko zote, na sijamwona mwanafunzi aliyeipenda.

Anapopiga akielekea juu, mteremko huulaza nyuma zaidi uso wa fimbo yake, na mpira huruka juu na kutofika mbali; achukue fimbo ndefu zaidi na aache mabega yafuate ardhi. Anapopiga akielekea chini, mpira huondoka chinichini na kukimbia sana baada ya kutua, na kishawishi ni kujaribu kuuinua kwa mikono. Asijaribu. Fimbo imetengenezwa ili iuinue yenyewe.

Juu ya hayo iko hesabu ya umbali. Kanuni ambayo makedi wengi, yaani wabeba mifuko ya fimbo, huitumia ni kwamba kila mita moja ambayo grini iko juu kuliko ulipo, uongeze mita moja ya umbali, na ikiwa chini upunguze kwa kiasi kama hicho au pungufu yake. Bendera iliyo mita 100 mbele na mita 15 juu ni ya kupigiwa kama mita 115. Kanuni hii si sahihi kwa kila mchezaji, lakini inatosha kumwokoa mwanafunzi na kosa ambalo wageni wa vilima hulirudia: mpira kufika ukingo wa grini, kusita, kisha kurudi taratibu hadi miguuni pao. Mara ya kwanza niliyocheza bara, katika kiwanja ambacho sitakitaja, mpira wangu ulinirudia mara tatu katika shimo moja, na kedi aliyenibebea mfuko alitazama pembeni kwa adabu.

Grini zenyewe nazo huwa na mteremko usioonekana kwa urahisi, kwa sababu jicho lililozungukwa na milima hupoteza kipimo cha usawa. Mtu huona mpira unapanda kumbe unashuka. Wenyeji huelekeza kwamba mpira huvutwa upande wa bonde, na ukikosa kuona chochote ushike hilo. La maana zaidi kwa mwanafunzi ni kuuacha mpira upande wa chini wa shimo kila inapowezekana, maana kusukuma kupanda humruhusu kuwa na mkono mzito, lakini kusukuma kushuka humwadhibu kwa kila chembe ya nguvu iliyozidi.

Je, yote haya yanamfaa anayeanza? Kwa miezi miwili ya kwanza, hapana. Anayekuwa bado hajajua mkwaju wake wa kawaida ni upi hawezi kujua kama mpira ulikwenda kushoto kwa sababu ya mteremko au kwa sababu ya mkono wake, na mwalimu asiyeyatenga mambo hayo humchanganya zaidi. Baada ya hapo vilima humpa kitu ambacho uwanda hauwezi kumpa, yaani tabia ya kutazama ardhi kabla ya kutazama bendera. Kwa hiyo namshauri anayeanzia kwenye vilima kwamba mazoezi yake ya mwanzo ayafanyie pale panaposawazishwa, mahali pa kuanzia shimo, au kwenye uwanja wa mazoezi kama upo, kabla hajaanza kuhesabu mikwaju.

Upepo wetu

Pwani hatuna haja ya kumwonea wivu mtu kwa ugumu. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi na kuendelea kwa miezi kadhaa, kaskazi hushika kuanzia Desemba hadi Machi, na kati ya pepo hizo mbili iko maleleji, ambapo hewa hugeukageuka na mpira huonekana mwepesi kuliko kawaida. Shimo ambalo wakati wa kaskazi huchezwa kwa ayani 8 huweza kudai ayani 5 kusi ikiwa imekaza. Kiwanja ni kile kile, lakini mwanafunzi hukutana na viwanja viwili.

Kosa la mwanafunzi mbele ya upepo ni kuchapa kwa nguvu zaidi. Nguvu huongeza mzunguko wa mpira, mzunguko huupandisha juu, na kule juu upepo huukamata na kuusimamisha. Anayetaka kuupita upepo huchukua fimbo ndefu kwa namba moja au mbili, huishika chini, na hupiga kwa utulivu ili mpira uende chini. Lingine ambalo wengi hawalitambui ni kwamba upepo wa mbele hupunguza umbali zaidi kuliko upepo wa nyuma unavyouongeza, hivyo hasara na faida hazifutani katika mzunguko mmoja.

Tofauti kati ya mlima na upepo, kwa mtu anayejifunza, ni kwamba mlima unaonekana nao haubadiliki. Atakayeukosea leo atarudi kesho aukute pale pale na alirekebishe kosa lake. Upepo ukimwonea asubuhi, jioni umeshahama, na somo limeondoka nao. Kwa sababu hiyo pekee, ingawa ni mtu wa pwani na napenda mpira unaokwenda chini kama ndege anayegusa maji, nakiri kwamba mlima ni mwalimu mwenye subira zaidi.

Uwanda una dawa moja, nayo ni alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi upepo wa bahari huwa haujaamka, na mwanafunzi hupata saa moja na nusu ya hewa tulivu ambayo inamtosha mashimo tisa. Baada ya saa nne jua la Februari na Machi halimruhusu mtu kufikiri, achilia mbali kuchapa mpira.

Nyasi na hewa ya juu

Jambo hili ni dogo lakini humshangaza kila anayehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Viwanja vingi vya nyanda za juu hutawaliwa na nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda hizo hizo za Afrika Mashariki na ambazo zimesafiri hadi viwanja vya California, kikiwemo Riviera cha Los Angeles. Zikikatwa fupi huuinua mpira juu kama kitu kilichowekwa kwenye mto, na mwanafunzi huuchapa kwa raha. Zikiachwa ndefu hujisokota kwenye shingo ya fimbo na kuigeuza. Huku kwetu nyasi ya asili ya namna hiyo ni ukoka, uliotambaa juu ya ardhi ya mchanga, na wakati wa ukame mpira hulala karibu na ardhi tupu, hivyo fimbo ikitangulia kugonga ardhi hata kidogo mkwaju umeharibika. Mpira nao hukimbia sana baada ya kutua. Aliyezoea raha ya Kikuyu huona ukoka ni mkatili, na aliyefunzwa na ukoka huona Kikuyu ni sikukuu.

Hewa pia si moja. Nandi Hills na Kericho ziko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na haizuii mpira kama hewa nzito ya Malindi. Mchezaji mwenye nguvu huongezewa karibu sehemu moja katika kumi ya umbali wake. Mwanafunzi, ambaye mpira wake hauendi kwa kasi, huongezewa pungufu ya hapo. Asishangae basi mpwa wangu atakapokuja Desemba na kukuta ayani 7 yake "imefupika". Haikufupika, amerudi pwani.

Mwili, mvua na mfuko

Hapa pwani adui wa mwili ni joto na unyevu, na kinga yake ni maji, kofia na alfajiri. Bara adui ni kupanda, na zaidi ya kupanda ni kushuka, kwa sababu magoti huumizwa na mteremko wa kuteremka kuliko wa kukwea. Mtu mwenye goti bovu au moyo usioaminika namshauri bila kusita achague uwanda, hata kama ni mrefu, acheze mashimo sita na arudi nyumbani. Kiwanja kifupi cha vilima huwa kifupi kwenye karatasi tu. Miguu huhesabu vingine.

Mvua za Kericho na Nandi huja mara nyingi mchana na zina radi, na wakati mwingine mvua ya mawe. Ngurumo ikisikika mchezo husimamishwa na watu huondoka uwanjani, jambo ambalo mpwa wangu aliyezoea masika ya pwani alilichukulia kama woga hadi nilipomkumbusha kwamba mtu aliyesimama juu ya kilima akiinua chuma ni mlingoti.

Kuhusu mfuko, sheria huruhusu fimbo zisizozidi 14, na mimi nilipoanza nilinunua zote 14 kwa muuzaji aliyeniapia kwamba bila hizo sitajifunza. Saba kati ya hizo sikuzigusa kwa mwaka mzima. Kwenye kiwanja kifupi cha vilima fimbo sita zinatosha: ayani 5, ayani 7, ayani 9, weji (fimbo ya mikwaju ya karibu) moja ya kawaida, weji ya mchanga, na pata ya kusukumia. Mfuko mwepesi ni neema kwa anayepanda, iwe anaubeba mwenyewe au kedi anambebea. Kwenye uwanda mrefu atahitaji kuongeza angalau fimbo moja ndefu, na kwa kuwa ardhi haina miteremko anaweza kuvuta mfuko kwa kigari.

Mipira hupotea pande zote mbili. Pwani hupelekwa na upepo vichakani, bara huviringika hadi mashinani mwa michai au korongoni. Tangu 2019 muda wa kuutafuta mpira ni dakika tatu badala ya tano, na ukikosekana mchezaji hurudi alikopiga na kuongezewa mkwaju mmoja wa adhabu. Tangu mwaka huo pia klabu huruhusiwa kuweka kanuni ya ndani inayomwezesha mchezaji kuangusha mpira karibu na ulipopotelea kwa adhabu ya mikwaju miwili. Mwanafunzi aulize mapema kama kanuni hiyo ipo, kwa maana kukipanda tena kilima alichokwisha kukishuka ni adhabu ya tatu isiyoandikwa popote.

Hesabu ya handikapu

Wengi huniuliza kama handikapu, yaani namba ya mikwaju ambayo mchezaji hupunguziwa kulingana na uwezo wake, iliyopatikana kwenye kiwanja kifupi inakubalika kwingine. Tangu 2020 dunia nzima imeanza kutumia mfumo mmoja, ambao kiwango chake cha juu ni 54, na mtu hupata handikapu ya kwanza baada ya kuwasilisha hesabu za mashimo 54, ambayo anaweza kuyakusanya kwa mizunguko ya tisa tisa. Kila kiwanja kilichopimwa hupewa namba ya ugumu kati ya 55 na 155, ya kawaida ikiwa 113, na namba hiyo ndiyo inayoitafsiri handikapu ya mtu anapohama kutoka kiwanja hadi kiwanja. Mwaka 2024 mfumo ulifunguliwa kwa viwanja vifupi zaidi, hivyo hata mashimo tisa ya jumla ya yadi 750 yanaweza kupimwa. Sharti ni kwamba kiwanja kiwe kimepimwa kweli. Aulize ofisini kabla ya kuanza kukusanya karatasi.

Kwa mwanafunzi napendelea ahesabu kwa pointi za Stableford, utaratibu uliobuniwa na daktari Frank Stableford wa Uingereza na kutumiwa katika klabu ya Wallasey, huko huko Uingereza, mwaka 1932. Baada ya kuzingatia handikapu, pa huleta pointi mbili, mkwaju mmoja zaidi huleta moja, na zaidi ya hapo ni sifuri, hivyo shimo lililoharibika huachwa na mpira kuokotwa. Kwenye vilima, ambako shimo moja linaweza kumla mtu mikwaju 11, utaratibu huu humwokoa na aibu na huwaokoa walio nyuma yake na usingizi.

Nilivyomshauri

Kama angekuwa anaishi Malindi, nisingemwambia asafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda kutafuta kilima. Ningemwambia aufupishe uwanda: aanzie mbele ya alama za kawaida, mita 100 au 120 kutoka kwenye grini kama kiwanja ni kitupu na msimamizi ameruhusu, acheze mashimo sita alfajiri, na aache kusi na kaskazi zimfunze baadaye. Kwa njia hiyo angepata ile nusu ya furushi iliyo bora bila kuilipia nusu ya pili kwa magoti. Lakini yeye yuko Nandi Hills, ana miaka 26, magoti yake ni mazima, na jioni zake ni fupi. Kwa mtu wa hali hiyo kiwanja cha mashimo tisa chenye miteremko kinashinda, mradi miezi miwili ya kwanza apige mahali palipo sawa, na mradi akija likizo asiuonee haya upepo wetu.

Nilimpa fimbo sita kati ya zile 14. Wiki iliyopita alinipigia simu akiwa amehema, akaniambia kwamba amelimaliza shimo moja kwa mikwaju saba kwa sababu mpira ulikataa kwenda anakotaka. Nikamwuliza ulikuwa juu ya miguu yake au chini. Akasema juu. Nikamwuliza ulikwenda wapi.

"Kushoto, Mjomba. Kushoto kabisa, kwenye chai."